Kitani cha Khairiya

Jumatatu, 5 Machi 1956
Bi Radhiya anamwoza bintiye Alhamisi. Anatafuta kitani cha kutundika nyuma ya kiti cha bibi harusi. Lazima kiwe cha marehemu mke wangu! Babake alikifuma kwa mkono huko Pate: maumbo kama tiara wanazorusha watoto, safu kwa safu, kila tiara na jicho jekundu. Khairiya akikosa usingizi alizifuatisha kwa kidole. Wanawake wa mji wetu wa Amu wakikiona watamtaja. Tangu matanga, hakuna amtajaye ila mimi.

Nimekitundika barazani. Eti nakianika.

Jumanne, 6 Machi
Jirani yangu Badawi kapita. Kasema tiara za kitani chake zimenyooka, changu kina nyuzi kama ndevu za beberu. Nikamjibu kwa upole kwamba chake ni cha kiwandani. Si kweli. Bi Radhiya naye kapita, kazitazama ndevu, kaenda kwa Badawi.

Sikubali. Nimetwaa mkasi, nimekinyoa chote. Safi!

Jumatano, 7 Machi
Shemeji yangu Umi kaja kunisalimu. Kakishika kitani, kakigeuza, kaketi chini.

"Bwana Yunusi, miaka yote ile hukujua kuwa huu ni mgongo?"

Ningejuaje? Khairiya alikitandika kitandani uso chini, usichujuke. Uso aliugeuza juu kwa wageni wake tu, na wanawake wakija mimi hutoka. Kumbe ndevu ndizo zilizoshika macho. Umi kakikung'uta mara moja tu. Macho yakamwagika sakafuni kama pilipili.

Ijumaa, 9 Machi
Jana kimetundikwa cha Badawi. Wanaume hatuingii kwenye harusi ya wanawake, lakini Umi kanieleza. Kawasimulia wote habari ya mkasi! Wamecheka hadi ngoma ikasimama. Kisha Bi Radhiya akafuta machozi, akasema, "Maskini Khairiya. Alikuwa na mume wa kulea." Wakamsomea Fatiha. Wakamzungumzia mpaka wali ukapoa.

Nimefurahi. Nimelia kidogo. Lakini Badawi anazunguka forodhani akitangaza kwamba tiara zake zina macho. Hilo halivumiliki.

Jumamosi, 10 Machi
Nimenunua wino mwekundu. Macho nitayachora mwenyewe. La kwanza limesambaa, limemeza tiara tatu. Kitani kina kiu! La pili nitalitia maji kidogo. Angalau leo nimeanza upande wa uso.