Vichwa Saba kwa Mama Bernardine

Habari ilishuka Kalundu pamoja na watu wa misa ya kwanza, na kabla kibuyu cha pili cha kasigisi, pombe ya ndizi, hakijaisha, ilikuwa imekwisha kugeuka kesi. Padri ametangaza: watu wazima wanaongoja ubatizo wataulizwa katekisimu na watoto waliokwisha kuijua.

“Dunia imepinduka,” akasema Eugène, aliyeitwa Kapita kwa kuwa alisimamia wabeba mizigo wa bandarini na kuoga na kofia yake ya kazi. “Yai linamfundisha kuku kutaga.”

“Kuku akisinzia, yai lifanye nini?” akajibu Mama Bernardine, mwenye pombe, bila kugeuka.

Hatungimana hakucheka. Kijiweni aliitwa Punguza, maana hakuna kitu alichowahi kununua kwa bei ya kwanza. Alikwisha kuanguka mtihani wa ubatizo mara mbili mbele ya katekista. Leo ndiyo mwisho kabla ya Pasaka. Mbuzi wa sherehe amefungwa, jina lake la ubatizo, Ildephonse, limechaguliwa, na mwulizaji ni Generose, binti yake mwenyewe.

“Weye kinakushinda nini?” akauliza Kizito, aliyeitwa Kalala, amejilaza juu ya magunia.

“Vichwa vya dhambi. Viko saba. Nikifika cha tatu, kichwa changu mwenyewe kinapotea.”

“Weka muntu kwa kila kichwa,” akasema Mama Bernardine. “Benchi yangu iko na vyote. Padri angefundishia hapa, asingehitaji picha.”

“Kiburi?” akauliza Punguza.

“Kapita.”

“Minye? Niwe na kiburi na nani, hapa?”

“Imepata mwenyewe. Uvivu?”

Wote wakamtazama Kalala. “Nipe na ulafi,” akasema, macho ameyafumba, “nisiamshwe mara mbili.”

“Yeye mbili, minye moja tu?” Kapita akanuna.

“Basi chukua na wivu. Hasira iko yangu,” akasema Mama Bernardine, mwiko mkononi. “Mwenye kubisha abishe.”

Walipofika kwenye uzinzi, benchi zima likakohoa. “Hiyo ya wote,” akasema Kapita. “Pita.”

Wakiwa bado wanatafuta ya saba, Generose akatokea, msalaba wa bati shingoni.

“Jambo, baba zangu. Jambo, mama. Baba, tuanze hapa hapa, Padri anangoja jibu. Vichwa vya dhambi.”

Punguza akasimama, akawakagua wenzake kama mtu anayechagua samaki. “Kiburi. Uvivu. Ulafi. Wivu.” Mwiko ukainuka kidogo. “Hasira. Na uzinzi,” akasema, akitazama mbali ziwani.

Kalala akafumbua jicho moja, akamkazia Punguza. Kapita akamkazia. Mama Bernardine akamnyooshea mwiko. Punguza akageuka nyuma kuona wanamwonyesha nani. Nyuma hapakuwa na mtu.

Akainama, akashusha sauti kama sokoni.

“Mwanangu, hizi sita zenyewe nzito. Padri ni muntu muzuri. Kwa sita hatuwezi kusikilizana?”

Generose akamtazama, mdomo ukicheza. “Ya saba ni choyo, baba. Umeijibu. Naenda kumwambia Padri uko tayari.”

Benchi likaanguka kwa kicheko; Kalala akaanguka kweli. Mama Bernardine akajifuta machozi, akaleta kibuyu kilichojaa, akakiweka mbele ya mshindi: leo ni furaha yake, awanyweshe wenzake kwa pesa zake.

“Kizima?” akauliza Ildephonse. “Nusu hakuna?”