Waraka wa Utulivu wa Wana

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Utulivu ilitangaza kuwa tatizo la watoto wasiotulia limepatiwa ufumbuzi wa kudumu, nao ni kidonge kimoja cheupe, asubuhi na mchana. Waraka ulisema wazi: "Kila mwana atakayeonekana hatulii kitini, anakatiza watu au anauliza ovyo, apewe dawa papo hapo." Neno "mwana" alilichagua mwenyekiti wa Idara mwenyewe, maana "mtoto" aliliona la mtaani.

Daktari wa zahanati alisema wapo watoto ambao dawa hiyo huwafaa kweli, ila hupimwa kwanza. Alishukuriwa kwa mchango wake, akahamishiwa stoo ya magodoro.

Basi siku ya uzinduzi zahanati ilibaki mikononi mwa muuguzi, mama mtu mzima aliyefuata maandishi kama yalivyo. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa binti wa fundi cherehani, mwenye miaka saba. Kosa lake: alimuuliza mwalimu kwa nini choo cha shule kimefungwa na ufunguo anao mwalimu mkuu. Mama yake, ndiye fundi mwenyewe, alimvuta nyuma yake akasogea mezani.

"Dada, mwanangu si mgonjwa. Ana mdomo tu, kama bibi yake."

"Waraka ni waraka, mama. Mimi nina—"

"Mpe upesi, nina kikao kingine!" mwenyekiti alidakia. Alikuwa amekuja kupigwa picha. Akakaa, akasimama kutazama simu, akakaa, akasimama tena.

Muuguzi alimtazama, kisha akausoma waraka upya kwa kidole.

"Mzee, na wewe meza."

"Mimi? Hujui mimi ni nani?"

"Una mama?"

"Ninaye, Mungu ampe umri."

"Basi wewe ni mwana. Kitini hutulii, na watu unawakatiza. Kidonge hiki, maji haya."

Mwanasheria wa idara alinong'ona kuwa hoja ina mashiko. Kisha akakumbuka cheo chake kinaanza na neno gani, akatoka nje kupokea simu isiyolia.

"Mkuki kwa nguruwe," mtu akasema kwenye foleni.

Mwenyekiti alikisukuma kidonge kando. "Kwa nini nimezeshwe dawa bila kupimwa?"

"Na kuuliza pia," muuguzi akaandika. "Dalili zote tatu."

"Basi watu wapimwe kwanza! Wote!"

"Andika hapo, mzee, uweke na sahihi. Mimi hufuata maandishi."

Akaandika mbiombio. Fundi cherehani hakusubiri wino ukauke. Alimbeba bintiye mgongoni akatoka, analia na kucheka kwa pamoja.

Mwenyekiti naye akaushika mlango. Muuguzi akamzuia kwa adabu zote.

"Wewe dalili zako zimeshaandikwa. Daktari atakupima akimaliza kupanga magodoro. Kaa pale kwenye benchi, mikono magotini, na usiulize atakuja saa ngapi."