Bukavu, Butare, na Posa Isiyo Yangu

Wapenzi wangu tuliosoma wote lise, popote mlipo, leo nimejivua nguo mbele ya wazee wa watu. (Nguo zilibaki mwilini, tulieni.) Nawaandikia habari ikiwa ya moto, niko kwenye kafe ya intaneti hapa Kamembe, mashine inakwama kila dakika na uso bado unaniwaka. Someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kutumiana.

Habari ya vyuo viwili mnaijua. Kwa asiyejua: nimekubaliwa kusomea udaktari Butare, na nimekubaliwa kusomea udaktari Bukavu. Kote wanachukua wachache, kote nimepita. (Ndiyo, najisifu. Subirini, hayadumu.) Butare wanataka jibu wiki hii hii.

Butare ni jina. Ukilitaja hapa kwetu, wazee wanakaa vizuri kwenye viti. Lakini iko ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, kona juu ya kona, basi zima linatapika kwa zamu. Bukavu ni hapa. Unavuka daraja la Rusizi, umeingia Kongo, unapanda kilima, umefika. Asubuhi unasoma, jioni unapika kwenu. Tena kule wanasema Kiswahili chetu. Sisi tuliozaliwa Kongo mnajua tunavyochekwa tukifungua mdomo kusema Kinyarwanda.

Hizo ndizo sababu nilizokuwa natoa mbele za watu. Sababu yenyewe ilikuwa Papa.

Papa yangu ni fundi cherehani, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Maman alitutoka Uvira wakati wa vita ya kwanza, tukiwa tunajiandaa kurudi huku Rwanda. Tangu hapo Papa yuko mwenyewe. Kushona anajua, hata wake wa wakubwa wanamfuata. Kupika ndiyo balaa. Akiwasha mbabula ya makaa, majirani wanaanua nguo zao kwenye kamba. Maharage yake yanaungua chini na juu yangali mabichi. Miaka yote ya lise, pale bwenini, nililala nikiwaza: saa hizi Papa amekula nini? Nyinyi mlikuwa mnalilia wavulana. Mimi nililia maharage.

Yeye tangu mwanzo alisema Butare. Nikimwuliza kwa nini, anajibu kwamba kule kuna jina, halafu anarudi kwenye cherehani yake. Nikajua anajikaza tu ili mimi niende. Nikaamua nimwokoe.

Sasa, tangu nirudi nyumbani nilikuwa nimeona mambo mawili. La kwanza, anajishonea koti la bluu, na kila nikiingia analisukuma chini ya meza. Nikasema ni la kunisindikiza chuoni, masikini, anataka iwe siri. La pili, sambaza, wale dagaa wa Kivu. Kila siku anarudi na sambaza wa Maman Solange, mjane mmoja wa Nkanka anayeuza samaki sokoni hapa. Mchana sambaza, jioni sambaza. Nikasema Papa anazeeka, ulimi wake umechagua kitu kimoja. (Mliokwishaelewa, nyamazeni. Mimi nimefaulu udaktari mara mbili na sikuelewa.)

Basi leo asubuhi nikavuka daraja bila kumwambia mtu. Nikafika chuoni Bukavu, nikamwona mama wa mapokezi, nikamwambia nakuja, mnihesabu. Akanipa mkono, akanikaribisha vizuri. Nikarudi kwa miguu na moyo mwepesi, nikanunua na parachichi, njia nzima napanga nitakavyomwambia: Papa, nimechagua, sitakuacha. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote wa Rusizi.

Nafika nyumbani, viti.

Viti vyetu, viti vya jirani, na hata benchi la kanisa, vyote vimepangwa sebuleni safu mbili zinazotazamana. Kreti ya Fanta mlangoni. Uani majirani wawili wanamenya ndizi, na waliponiona wakainama kucheka chini chini. Kwetu viti vikitazamana namna ile ni jambo moja tu: posa. Upande huu wanaoomba, upande ule wanaoombwa. Na msichana katika nyumba ile ni mmoja, ndiye mimi.

Nikamkumbuka kijana wa saruji. Mwezi uliopita Tonton Evariste, mdogo wake Papa, aliniletea salamu za kijana mmoja wa Bugarama anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, eti amenipenda kwa ajili ya akili zangu. Papa alicheka sana siku ile. Sasa nikaona, kumbe alicheka kwa furaha.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, chini ya dirisha. (Ndiyo, daktari mtarajiwa alichuchumaa kwenye majani ya maboga.) Nikasikia sauti ya mzee nisiyemjua, nzito, ya taratibu.

"Musichana munayesema, tunamujua. Lakini angali mudogo, iko kwenye masomo. Chuo kikubwa kinamungoja. Hatuwezi kumukata njiani."

Mungu akubariki mzee, nikasema moyoni, nani huyu mwenye akili? Halafu Tonton akaanza kusihi kwa sauti ya asali: kwamba masomo ataendelea nayo, kwamba mwanaume wao hatamkataza kitu. Nikajua Tonton ameshanunuliwa na watu wa saruji. Kisha nikamsikia Papa, Papa yangu mwenyewe, anauliza kwa woga: "Na ngombe, tuseme moja?"

Moja! Vyuo viwili, ng'ombe mmoja!

Sikupiga hodi. Niliingia na parachichi mkononi na majani ya maboga kwenye sketi, nikasimama katikati ya zile safu mbili, mahali ambapo hata kuku anajua hapapitwi siku ya posa. Nikafungua mdomo, na mdomo ukakataa kufunga.

Nikawaambia siolewi, si na saruji, si na nani. Ng'ombe wao wamrudishe. Naenda kusoma Bukavu, hapa hapa, kwa sababu Papa simwachi. Nani atampikia? Nikawaambia mnamwona amevaa koti, mnadhani ni mtu kamili? Huyu anaunguza hata maji. Anafua nyeupe pamoja na nyekundu, mashati yake ya kanisani yote yamekuwa ya waridi. Anakoroma mpaka mbuzi wa jirani wanajibu. Na kila jioni anakaa mbele ya picha ya Maman, anamwambia bei ya vifungo imepanda. "Muntu kama huyu," nikauliza, "namuachia nani?"

Nikasikia ndizi inaanguka kwenye sufuria huko uani.

Ndipo nikatazama vizuri. Papa alikuwa amevaa koti la bluu, jipya, limekamilika. Na hakuwa amekaa upande wa wanaoombwa. Alikaa upande wa wanaoomba, katikati, kwenye kiti cha bwana harusi. Mbele yake alikaa mzee mmoja, kofia juu ya goti, anamtazama Papa kwa makini sana, kama mtu anayekagua mbuzi aliyetangazwa kuwa mzima. Kijana wa saruji hakuwepo kabisa.

"Furaha," Tonton akasema polepole, "huyu ni Mzee Tite wa Nkanka. Kaka yake Maman Solange."

Akili yangu ilichukua muda. Koti. Sambaza. Viti. Mnajua desturi: kabla ya posa washenga wa pande mbili wanakutana wapatane maneno, wasije wakaumbuana mbele ya watu. Posa yenyewe ni Jumamosi, Nkanka. Leo walikuwa wanafanya mazoezi. Na yule "musichana mudogo" aliye masomoni ni Maman Solange, amepita miaka arobaini, ana mtoto mwanajeshi. Maana kwetu upande wa bibi harusi lazima waseme binti yetu angali mdogo, angali anasoma, hata kama ni nyanya wa watu. Najua hiyo. Ninyi mnajua hiyo. Nimekaa kwenye harusi zisizo na idadi nikiicheka.

Kwa hiyo nihesabieni: nimesimama mbele ya shemeji mtarajiwa wa baba yangu, siku chache kabla ya posa, na nimemtajia kasoro zote za bwana harusi. Kwa mpangilio. Na mifano.

Mzee Tite akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta macho. "Kukoroma hatukujua," akasema. "Maharage tulijua."

Hapo ndipo nilipopata pigo la pili. Kumbe miaka yote niliyokuwa lise, Papa alikuwa akifunga cherehani yake jioni anaenda kula nyuma ya soko, kwenye meza ya chakula ya Maman Solange, yeye na mafundi wengine wa mstari ule. Hajawahi kulala njaa hata siku moja. Machozi yote ya bwenini yalikuwa bure. Mtacheka, lakini mimi niliumia. Nilijiona mtu aliyefukuzwa kazi, tena kazi ambayo hakuna aliyempa.

Nikatoka, nikarudi kwenye maboga yangu. Papa akanifuata na koti lake jipya, akachuchumaa kando yangu, magoti yakalia.

Nikamwambia alinificha. Akakubali. Akasema alitaka nijue nikishajibu Butare, kwa sababu aliogopa. Nikijua mapema, nitasema ametafuta bibi ili anifukuze. Nisipojua, nitabaki kwa ajili yake. Alizunguka na hesabu hiyo wiki nzima, ikamshinda, akaona bora amalize koti kwanza.

"Na unamupenda?" nikamwuliza.

Akachuma jani la boga, akalikunja, akalikunjua. "Ananichekeshaka," akasema.

Kisha nikamwuliza lile lililokuwa limebaki. Kama maharage hayakuwa sababu, kwa nini basi asiniache nisome Bukavu, hapa karibu? Ni jina tu la Butare analotaka? Nilidhani atarudia maneno yake ya siku zote.

"Siku ile ya risasi Bukavu," akasema, "ulikuwa kwa shangazi yako, ng'ambo. Daraja ikafungwa. Nilisimama huku chini kwenye mto na batu wengine. Nyumba ya shangazi niliiona. Hata nguo kwenye kamba niliona, ile jupe yako ya manjano niliona. Naona, sifiki. Furaha, Butare siionake. Lakini nikisikia unagonjwa, napanda basi, hakuna daraja ya kufungwa, nafika."

Siku zile mimi nilikuwa chini ya kitanda cha shangazi na binamu zangu, tunacheza karata kwa woga. Sikujua kama alisimama pale. Hakuwahi kunisimulia, na mimi sikuwahi kumwuliza. Miaka yote hii nimekuwa nikipima umbali kwa dakika za kutembea, yeye anaupima kwa kitu kingine.

Nililia, sifichi. Akanipangusa pua kwa mkono wa koti jipya, yeye ambaye anaweza kugombana na askofu akikalia kitambaa chake. Nikamwambia Bukavu nimeshawaahidi. Akasema kesho tutavuka pamoja tukawaombe radhi, ni watu wazuri, wataelewa, na siku hizi daraja liko wazi.

Tukarudi ndani. Nikanawa, nikapiga goti, nikampa Mzee Tite Fanta kwa mikono miwili, nikamwomba msamaha. Aliinywa nusu kabla ya kujibu. (Wazee wa Nkanka hawana haraka na mtu aliyekosa.) Akasema dada yake ataambiwa kila kitu, mashati ya waridi na mbuzi pia, kwa sababu yeye hamfichi dada yake kitu. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

"Ile ya picha ya marehemu, isikuumize kichwa," akaongeza. "Solange naye iko na ya bwana yake. Zitakaa ukuta moja."

Papa akainamisha kichwa, akaanza kuchunguza kifungo cha koti ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

Halafu Mzee Tite akatoa hukumu. Kwa kuwa upande wa bwana harusi una msemaji mkali kuliko Tonton, basi Jumamosi, Nkanka, mbele ya ukoo wote, mimi ndiye nitakayesimama niseme kwa nini Papa apewe bibi. "Sababu za kumunyima tumeshasikia," akasema. Tonton alinuna, lakini watu wote walishapiga makofi.

Kwa hiyo nimetuma jibu Butare sasa hivi, kwenye mashine hii hii inayokwama, na nimeshaanza kuogopa zile kona za Nyungwe. Papa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, amekataa kuvua koti, ananiuliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia nawaaga rafiki zangu.

Chekeni, lakini mcheke na mdomo umefungwa, na mbaki na hili: ukisikia wazazi wanapanga maisha nyuma ya mlango, piga hodi kwanza. Inawezekana ni maisha yao.