Jumatano Zote za Mwaka 1961

Jumatatu, 3 Machi
Majibu ya moyo wa Akua yametoka. Siku hizi hospitali haitoi karatasi. Kila kitu kiko kwenye tovuti yao, kila mgonjwa na akaunti yake. Mke wangu kasoma kwenye simu, kaizima, kasema hamna kitu. Hamna kitu! Tangu lini mtu asiye na kitu akapika supu bila chumvi? Miaka thelathini na minane ya ndoa, leo nafichwa. Shemeji Kofi alipita mchana, akajigamba kuwa dada yake kamwambia yote. Akajigamba huku anatafuna nyama yangu. Basi nitajua mwenyewe. Majibu yangu ya sukari bado, lakini hayo si hoja.

Jumanne, 4 Machi
Njia ipo! Ukidai umesahau neno la siri, tovuti inauliza tarehe ya kuzaliwa tu. Tarehe ya Akua siijui. Kitambulisho kiko mkobani, na mkoba haumtoki kwapani. Marehemu mama mkwe hakuandika tarehe, alikumbuka mwaka na siku. Mwaka 1961, siku Jumatano. Kwetu jina hufuata siku: asingezaliwa Jumatano asingeitwa Akua. Nimehesabu: Jumatano hamsini na mbili. Tovuti inaruhusu kujaribu mara tatu kwa siku. Siku kumi na nane, basi. Haba na haba hujaza kibaba. Leo nimejaribu tatu za Januari. Hola.

Jumatano, 5 Machi
Siku yake. Nimemletea kelewele ya pale njia panda, ndizi za kukaanga zenye tangawizi nyingi, kama kila Jumatano tangu nimuoe. Akaniambia nikae kidogo. Nikasema tumbo linanisumbua, nikajifungia chooni na simu. Tatu nyingine. Hola. Nilipotoka kelewele imepoa, hajaigusa. Moyo wangu umeniuma sana.

Alhamisi, 6 Machi
Mimi ni Yaw, mtu wa Alhamisi. Leo bahati ni yangu.
Haikuwa yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekamatwa. Kumbe kila nikikosea, hospitali inamtumia ujumbe! Jumbe tisa. Kanionyesha mmoja mmoja, polepole, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

“Baba Abena,” akasema, “karani wa hospitali aliandika tarehe moja Januari. Wazee wote tusio na cheti katuandikia hiyo hiyo.”

Nikamwambia haiwezekani, tarehe moja Januari mwaka ule ilikuwa Jumapili, na mimi sikuoa mtu wa Jumapili. Akacheka mpaka akashika kifua. Nikaogopa, nikamshika mkono. Hapo ndipo akanipa simu nisome.

Mlango mmoja wa moyo unavuja. Hakuna upasuaji kwa sasa. Vidonge kila asubuhi, chumvi marufuku, arudi baada ya miezi mitatu. Chini yake kuna ujumbe aliomwandikia daktari: “Naomba nimwambie mume wangu mwenyewe, taratibu. Akiona sindano tu huzimia. Nitamwambia Jumatano, akishaniletea kelewele.”

Jumatano. Nami nilikuwa chooni.

Nimelia. Sioni haya kuandika. Nimemwambia nampenda na kwamba nimeogopa kubaki peke yangu katika nyumba hii. Akasema anajua, ndiyo maana alikuwa anatafuta maneno. Na Kofi hakuambiwa lolote! Angalau hilo. Tumeapa wote wawili, hakuna kufichana tena, awe anafungua akaunti yangu na mimi yake.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu yangu ya sukari yametoka. Imepanda vibaya. Daktari anataka nipunguze fufu, ugali wangu wa muhogo na ndizi.

Akua asijue. Moyo wake hautaki mshtuko. Nimebadilisha neno la siri haraka, nikaweka gumu kabisa: AkuaJumatano. Hata akikaa mwaka mzima hatalipata.

Nimemsikia akicheka peke yake jikoni, simu mkononi. Kisha chakula kikaja. Fufu ya ukubwa wa ngumi ya mtoto! Nimemuuliza kulikoni.

Kasema hamna kitu.