Balungi la Mshenga

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeteuliwa! Mpwa wangu Jamali kanifanya mshenga wake. Jumapili naenda Temeke kumposea Farida kwa baba yake, Mzee Fakihi. Jirani yangu Talha, aliyeitamani kazi hiyo, kanuna. Eti mie leo nacheka kesho nalia, nitaharibu. Mie! Niliyewahi kusuluhisha simba na mkewe kule Rufiji!

Ijumaa, 15 Agosti
Kliniki. Dokta Monica kasema kidonge changu cha kutuliza hisia, kile kile cha wenye kifafa, kinavunjwavunjwa na ini. Kadiri ini linavyokizoea, ndivyo linavyoongeza kasi, dawa inaisha mapema. Nikaliona ini langu: karakana kubwa, vibarua wanatwanga vidonge taratibu, unga unapaa kama ukungu, na kila siku wanaita binamu zao waje kusaidia. Nikasinzia palepale kwenye benchi. Akaniamsha kunionya nisiguse balungi, linawazubaisha vibarua, dawa inajaa mwilini.
Kumbe wanazuilika! Nikapitia soko la Buguruni. Mabalungi fungu zima, Jumapili niwe mtulivu.

Jumamosi, 16 Agosti
Juisi asubuhi, mchana, jioni. Vibarua wamelala fofofo. Dunia laini kama pamba. Ukuta wa Talha unapumua. Nimetulia kuliko bahari.

Jumapili, 17 Agosti
Sebuleni kwa Mzee Fakihi, mie na Jamali, raha tupu. Nikaelea hadi kwenye kochi. Wazee Fakihi wawili! Nikawaamkia wote, shikamooni. Farida akaingia na sinia. Farida wawili! Wazuri sawasawa. Nikatoa hotuba tamu: kijana wetu ana nguvu, atawaoa wote kwa siku moja, hatabagua.
Mzee akauliza huyo mwingine ni nani. Nikamwonyesha. Farida akalia, wote wawili. Tukatolewa nje. Jamali akatangulia mbele njia nzima.

Jumatatu, 18 Agosti
Dokta kanipima damu, kafoka. Dawa imejaa mpaka juu, ndiyo maana nayumba na kuona vitu viwili viwili. Balungi marufuku, vidonge nisubiri maelekezo yake. Jamali kampa Talha ushenga. Nimelia kidogo. Vumbi tu machoni.

Ijumaa, 22 Agosti
Posa imekubaliwa! Talha anatamba mtaa mzima. Hajui kitu. Mie niliomba wawili, yeye akaomba mmoja, mzee akaona nafuu! Ndivyo tunavyopatana bei Buguruni.
Harusi itahitaji msemaji. Dokta kataja balungi tu. Juisi ya balungi hajaitaja.