Mwari wa Dumu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu ametoa hukumu huku akipiga mswaki. Kibanda changu cha chai kisipopata wateja hadi Jumapili, wiki ijayo naanza kazi dukani kwa kaka yake. Duka la magodoro! Nikae humo nikinusa sponji kutwa, na ziwa liko pale mwisho wa mtaa? Siwezi. Nalipenda hili ziwa. Ni dogo, ukipiga chafya huku, watu wa ng'ambo wanakupa pole. Tatizo ni hao hao wa ng'ambo. Kule yuko Mzee Kofia, naye anauza chai, na mbele ya kibanda chake husimama mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo. Mji mzima huenda kumtazama. Chai yenyewe wala si nzuri. (Sijaionja.)

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Ndege humfuata ndege mwenzake. Nimechukua dumu la lita ishirini, nikalipaka rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka choo. Shingo: kipande cha bomba. Mdomo ulinisumbua mpaka nilipouona mwiko wa mke wangu, ule mkubwa ulioungua pembeni. Mdomo wa mwari kabisa! Jioni mke wangu amelalamika kwamba amesonga ugali kwa kijiko hadi vidole vikaiva. Nikampa pole ya dhati.

Jumatano, 6 Machi
Nimelifunga dumu kwenye kigingi kwa kamba ya kiatu changu. Linaelea kwa heshima kabisa. Mwari hakugeuka hata shingo. Walikuja bata tu, wakalitazama, wakaenda zao wakisemezana. Mzee Kofia akanipungia mkono kutoka ng'ambo. Dharau!

Ijumaa, 8 Machi
AMEKUJA! Amesimama kando ya dumu, kifua mbele, kama bwana harusi. Watu wakafurika. Birika halikupata nafasi ya kupoa. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi. Nimeshamwambia mke wangu amjulishe kaka yake atafute mtu mwingine.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu amekuja kujionea. Akawatazama wateja, akatabasamu. Kisha akalitazama dumu. Akauliza, kwa upole wa kutisha, ndege wa ziwa hili wameanza lini kuungua midomo.

Kabla sijajitetea, upepo! Kamba ya kiatu ikakatika. Dumu hilo, likaenda zake mpaka kwa Mzee Kofia, mwari nyuma ya dumu, na wateja nyuma ya mwari, wakizunguka ukingoni na glasi zangu mikononi. Nikazikimbilia glasi. Kiatu kisicho na kamba kikabaki matopeni.

Shikamoo imenitoka kwa shida. Mzee Kofia akaitikia marahaba mwanangu, akanipa glasi zote, zimeshaoshwa, akatumiminia chai mimi na mke wangu. Ni nzuri. Nzuri sana, na imeniuma. Mke wangu akaingia majini mpaka magotini, akamng'oa ndege wa dumu mdomo, akarudi akicheka mpaka akaniegemea begani. Amesema hajacheka hivi tangu tuoane. Nikadhani nimesamehewa. Akasema kesho nisichelewe dukani.

Jumatatu, 11 Machi
Dukani. Shemeji ni mtu mwema, amenipa kiti na kuniambia nijione niko nyumbani. Nimetazama magodoro asubuhi nzima. Ziwa halionekani kutoka hapa, na nimelikumbuka sana.

Halafu nikashtuka. Sponji ni nyepesi! Nimekata kipande, nikakitia kwenye beseni la maji. Kimeelea! Kilianza kuinama upande mmoja, lakini mteja akaingia, sikuona mwisho wake. Fikiria: kibanda cha chai katikati ya ziwa, juu ya godoro. Mwari atanikuta njiani!

Nimemwomba shemeji godoro la sita kwa sita kwa mkopo. Amefurahi, amempigia dada yake simu kumwambia nimeanza kuipenda kazi. Kamba ya kulifungia ninayo, ile ya kiatu cha pili.