Daftari la Mashavu na Mrija Wangu

Katandala,
Sumbawanga.
22 Januari, 1994.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya msingi wanakosoma wajukuu zangu wawili.

YAH: KIRANJA WA AFYA, DAFTARI LAKE LA MASHAVU, NA OMBI LA KUMVUA CHEO

Ndugu Mwalimu Mkuu, Mwalimu Edith,

Najua ukifika mstari huu utakuwa umeshatamka shikamoo, maana ulilelewa vizuri. Marahaba, mwanangu. Habari za kufungua shule? Sisi huku hatujambo, mvua hazikatiki, mahindi yamefika magotini na palizi imetushinda. Mimi mwenyewe ni mzima, ila moyo ndio unaoumwa, na utaona sasa hivi ni kwa nini.

Nianze kwa kujieleza kisheria. Mimi ni Zenon Mwanandenje, karani mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo. Nimeandika hukumu za watu miaka ishirini na sita bila kufuta neno hata moja. Kazini tulifundishwa kwamba kilichoandikwa kwa wino kimeandikwa; ukikosea unaongeza chini, hufuti. Nayasema haya ili usije ukadhani barua hii nimeiandika kwa hasira. Hasira ilikuwa Jumamosi iliyopita. Leo ni sheria tupu.

Shule ilifunguliwa Jumatatu tarehe 10. Jumatano tarehe 12 matubwitubwi yakazuka. Wewe ukatunga utaratibu: kila mtoto aje na kikombe chake chenye jina, kila asubuhi mashavu yakaguliwe getini, mwenye uvimbe arudi nyumbani siku kumi, na anayelala nyumba moja na mgonjwa akae dawati la peke yake. Hayo siyapingi. Geti ni lako na mashavu ya getini ni yako. Lakini kazi ya ukaguzi ukampa mjukuu wangu Leonia, wa darasa la sita. Ukambandika kitambaa chekundu begani, ukamkabidhi daftari na kalamu. Hapo, Mwalimu, ulituponza. Leonia si mtoto wa kukabidhiwa daftari. Huyo kanirithi mimi.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. KUVUKA MIPAKA YA MADARAKA. Kila Jumamosi sisi wazee kumi na mmoja hukutana nyumbani kwangu kwa ajili ya kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ambayo hukaa ndani ya chungu, ikaongezwa maji ya moto, nasi tukaivuta kwa mrija. Ni kikao cha heshima. Jumamosi tarehe 15, kabla hata chungu hakijatoa mvuke, Leonia alitokea na kitambaa chake begani. Alituamkia mmoja mmoja, shikamoo kumi na moja, hakuruka hata mtu. Kisha akatuomba tuinue videvu. Watu wazima! Mmoja wetu aliwahi kuwa diwani! Na tukainua, Mwalimu. Mpaka leo sijui kwa nini tuliinua. Akabonyeza, akabonyeza, akaandika. Alimkuta Mzee Modesti na shavu moja lililovimba, na Mzee Mboje na mawili.

Sasa nakuomba ufuate hesabu yangu. Kabla ya ukaguzi, pale chunguni hapakuwa na mgonjwa yeyote. Baada ya ukaguzi wakawa wawili. Nani basi aliyewatia ugonjwa wazee wangu kama si daftari? Nimeona watu wakifungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo.

2. MRIJA. Tangu enzi za baba zetu chungu kina mrija mmoja. Unaanza kwa mkubwa, yaani mimi, unazunguka, unarudi kwa mkubwa, yaani mimi. Faida yake ni kwamba aliye na mrija hawezi kusema, na asiye nao ana nafasi ya kusema. Ndivyo kila mtu anavyosikilizwa. Leonia ameupiga marufuku. Alikata matete, akachonga mirija kumi na mmoja, akafunga kila mmoja uzi wa rangi yake. Wangu una uzi mwekundu. Mwalimu, nchi imeruhusu vyama vingi, tumekubali. Imeruhusu kila mwenye duka auze atakacho, tumekubali, na sabuni tunazo za rangi zote wakati juzi tu tulipanga foleni kwa kipande. Lakini mirija mingi hatukuulizwa. Jumamosi ile watu waliinama kwa pamoja, hakuna aliyesema neno, na chungu ambacho huchukua toka saa nane hadi jua kuzama kilikauka kwa muda wa rozari moja. Wazee wakarudi majumbani mchana kweupe, wakiwa na akili zao zote. Wake zao wamekuja kwangu kushtaki. Wanasema hawajui wawafanyie nini mpaka jioni.

3. KUTENGWA KWANGU. Mjukuu wangu wa pili, Timoth, ameanza darasa la kwanza kwako mwaka huu. Jumatatu tarehe 10 nilimkabidhi kwenye geti lako akiwa na mashavu mawili ya kawaida. Jumatano akarudi mashavu yamefura kama anapuliza moto. Yeye ndiye wa kwanza kuandikwa katika daftari zima, na shule mmempa ugonjwa ndani ya siku tatu, kabla hamjampa hata herufi moja. Kwa kosa hilo lenu, Leonia alinihukumu mimi! Alisema mimi ni mtu wa nyumba yenye mgonjwa, nikae kando ya wenzangu. Nikaweka pingamizi kwamba hata yeye analala nyumba hiyohiyo. Akanijibu kwa adabu kwamba yeye aliugua matubwitubwi alipokuwa darasa la kwanza, na aliyekwisha kuugua haugui tena wala haambukizi. Akauliza kama mimi nimewahi kuugua, aniandike. Nikamjibu mbele ya mashahidi kumi kwamba matubwitubwi ni ugonjwa wa watoto, na kwamba hayajawahi kuthubutu kunigusa.

Kwa jibu hilo nikawekwa nyuma ya kihenge cha nafaka. Nina kigoda, nina mrija wenye uzi mwekundu, na nina kikombe cha plastiki cha kijani kilichoandikwa BABU ZENON. Wenzangu nawasikia wakicheka upande wa pili, sijui wanacheka nini. Inauma, Mwalimu. Sitakuficha.

4. KESI YA NG'OMBE. Mwanzoni mwa mwezi huu ng'ombe wa Mzee Mboje, jirani yetu aliyehamia hapa na mifugo yake kutoka Shinyanga, aliingia shambani kwa Mzee Modesti akala mistari minne ya mahindi. Kwa desturi yetu waliogombana hupatana kwa kuvuta mrija mmoja mbele ya watu, kisha mrija unavunjwa na habari inakwisha. Kikao kilikuwa palepale tarehe 15. Leonia akazuia! Ng'ombe yule mpaka leo ni mshtakiwa, wala hajui. Nami siwezi kwenda kuwapatanisha, kwa kuwa wagonjwa hushinda nyuma ya jiko langu nami nimewekwa nyuma ya kihenge, na kati yetu amechora mstari wa majivu. Wiki nzima sijakanyaga huko.

5. MAFUNDISHO. Leonia anadai mmemfundisha kwamba matubwitubwi hujificha mwilini wiki mbili hadi tatu ndipo shavu livimbe. Sijapata kusikia. Mgeni gani anaingia nyumbani kwa mtu na kukaa kimya wiki tatu bila kuomba hata maji ya kunywa? Mwanzoni mwa Desemba nilikwenda Ilemba kwenye ubatizo. Nusu ya watoto wa kule walikuwa na mashavu hivyohivyo, tulikula nao sinia moja, na hakuna aliyeshika daftari. Walisema ni joto la bondeni. Krismasi mimi mwenyewe nilipatwa na jino, shavu la kushoto likavimba. Mke wangu Rahel akanipaka masizi ya chungu, nikafunga kitambaa, nikaenda misa, nikarudi nikavuta mrija na wenzangu kama kawaida, na Timoth nikamuonjesha togwa kwa mrija uleule. Nani alitengwa? Hakuna. Tulikuwa na raha.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Leonia avuliwe kitambaa mstarini, Ijumaa ijayo.

(b) Ugonjwa uwekwe kwenye ratiba kama masomo mengine. Mnajua siku ya kufungua shule, mnajua siku ya mtihani, iweje msijue siku ya matubwitubwi? Napendekeza Jumatatu ya kwanza ya muhula. Kiletwe kikombe kimoja kikubwa, wanafunzi mia nne wote wanywe humo kwa zamu, waugue pamoja, wapone pamoja, na muhula unaobaki uwe wa kusoma tu. Wazee tuko tayari kuchangia kikombe.

(c) Ikishindikana, shule ihamishiwe Msanzi, ambako sina mrija.

Kuhusu ombi la kwanza nina nyongeza. Ukimvua, tafadhali usimvue mbele ya wadogo wa darasa la kwanza. Kitambaa kile hukifua kila jioni na kukianika karibu na moto ili asubuhi kiwe kikavu, na mvua hizi unazijua. Na daftari lake nimelitazama kwa siri. Mwandiko umenyooka, tarehe zote zipo, hakuna mahali palipofutwa. Ni kazi ambayo mimi mwenyewe ningejivunia. Lakini sheria ni sheria.

Wasalimie walimu wote, mpiga kengele, na yule muuguzi wa zahanati aliyewafundisha watoto mambo ya wiki tatu, mwambie simchukii. Msalimie na mumeo, na mbuzi wenu aliyepotea akapatikana, nimefurahi.

Ni mimi mzazi wako, na mwenzako katika kujenga taifa, ingawa kwa sasa najenga nikiwa peke yangu nyuma ya kihenge,

Zenon Mwanandenje
Karani Mstaafu

Baada ya sahihi: Mwalimu, kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Rahel barua hii ili asikie Kiswahili chake. Alitulia vizuri mpaka tulipofika kwenye jino. Hapo akaweka ungo chini, akauliza jino lipi. Nikamwambia la nyuma, chini, kushoto. Akaniambia nitie kidole. Nikatia. Mwalimu, upande huo sina jino hata moja. Yaling'olewa yote hospitali ya misheni mwaka 1971, na Rahel ndiye aliyenisindikiza. Nikamuuliza kwa nini basi alinipaka masizi. Akasema masizi ni dawa ya matubwitubwi, tangu lini yakatibu jino; alininyamazia kwa sababu ilikuwa Krismasi, na mimi nilitaka sana liwe jino.

Nikachukua kalamu nikahesabu. Ilemba mpaka Krismasi ni wiki tatu. Krismasi mpaka Timoth kuvimba ni siku kumi na nane. Modesti na Mboje walishika mrija mara tu baada yangu. Kwa hiyo ugonjwa haukutoka shuleni kuja chunguni kwangu. Ulitoka chunguni kwangu ukaenda shuleni, na mimi ndiye niliyeupeleka, nikaushika mkono mpaka getini. Nisamehe, mwanangu. Watoto wako nimewaambukiza mimi.

Rahel kaongeza lingine. Modesti na Mboje wako nyuma ya jiko na chungu chao na mrija mmoja, kwa kibali cha Leonia, maana wenye ugonjwa mmoja hawana cha kuambukizana. Kesi ya ng'ombe waliimaliza Jumanne. Mboje anamletea mwenzake maziwa kila asubuhi. Kile kicheko nilichokuwa nakisikia ni chao, na siri hiyo wameificha ili wasije wakarudishwa kwenye mirija kumi na mmoja.

Na sheria ya Leonia inasema aliyekwisha kuugua anaruhusiwa kukaa nao. Leo ni Jumamosi. Maji yao yako motoni, nayaona kutoka hapa.

Kwa hiyo mimi, Zenon Mwanandenje, nakiri kwa hiari yangu na akili timamu kwamba niliugua matubwitubwi tarehe 25 Desemba 1993, shavu la kushoto. Maombi (a), (b) na (c) nayaondoa. Kitambaa abaki nacho, na ukiwa na cheo kikubwa zaidi mpe. Sikuiandika barua upya kwa sababu nilizokueleza mwanzoni, na kwa sababu ya yale maji.

Nimemwomba Leonia aniandike papo hapo kwenye daftari. Amekataa. Anasema niliapa mbele ya mashahidi kumi, na mtu akibadili maneno yake lazima pawe na sahihi ya Mwalimu Mkuu. Ndivyo hasa ingekuwa mahakamani. Basi anakuja kwako mbio na barua hii mkononi. Saini hapa chini, umrudishe mbio vilevile, maana Modesti namjua, hana tabia ya kubakiza.